Binti wa Ukerewe Aliyevuka Ziwa

Iko harusi moja tuliyoila sisi wenyewe ambayo mpaka leo haijatutoka moyoni. Ilikuwa katika kijiji kimoja cha Shinyanga, baada ya mavuno. Bibi harusi alikuwa binti wa darasa la saba, mwembamba kama fito, na ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo katika kwaya ya watoto. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha kuingia zizini kwa baba yake. Sisi wa kikundi cha akina mama wa kanisa tulichanga mchele na mafuta, tukabeba masufuria vichwani, tukapika na kupiga vigelegele. Hakuna aliyeuliza binti ana miaka mingapi. Hatukuuliza kwa sababu tulikuwa tunajua.

Tulikutana naye tena wodini. Kwa kazi sisi ni wauguzi. Kikundi cha kanisani ni kazi yetu ya jioni na ya Jumapili. Aliletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, uchungu ukiwa umeingia siku ya pili. Mtoto alikuwa amekwisha kufa tumboni. Yeye mwenyewe alipona, lakini alipata fistula, akawa anavuja mkojo mchana na usiku. Mikono ile ile iliyopakua pilau ya harusi yake ndiyo iliyombadilishia mashuka.

Tangu siku hiyo tuliagana kwamba hatutakula tena harusi ya mtoto. Tukaanza kutafuta la kuwaambia wazazi. Kukemea peke yake hakusaidii, maana mzazi akikemewa hufunga mlango. Tukaona ni heri tuwasimulie habari za binti mmoja wa ziwa letu hili, ambaye naye alifika umri wa miaka 12 kama mabinti zetu, ila kwake mambo yalikwenda njia nyingine. Jina lake ni Gertrude Mongella. Wengi wenu mnamfahamu kwa jina la Mama Beijing. Leo tungependa mumfahamu kama mwalimu, maana hapo ndipo kazi yake ilipoanzia.

MTOTO WA KISIWANI

Gertrude Mongella alizaliwa tarehe 13 Septemba 1945 katika kisiwa cha Ukerewe. Kwa sisi tunaokaa Geita na Sengerema, Ukerewe ni jirani wa ng'ambo ya maji. Ni nchi ya mihogo, machungwa na samaki, na watu wake ni Wakerewe, Wajita na Wakara. Kutoka Nansio hadi Mwanza mtu husafiri saa kadhaa kwa meli, na maji yenyewe si ya mchezo. Bado hatujasahau Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara na kuua watu zaidi ya 220.

Mama mwenye watoto anaelewa maana ya kumwachia mtoto avuke maji kama hayo. Gertrude alikuwa na umri wa miaka 12 hivi alipoondoka nyumbani kwenda kusoma kwa masista wa Maryknoll, watawa wa Kikatoliki kutoka Marekani. Masomo ya sekondari aliyafanya Marian College, Morogoro, shule ya wasichana ambayo masista hao waliifungua mwaka 1957. Serikali ilipotaifisha shule za madhehebu, shule hiyo iliitwa Kilakala, na ndilo jina lake hata sasa.

Tupime umbali huo kwa miguu ya mtoto. Mwanafunzi wa kanda ya ziwa wa miaka ile alipanda treni Mwanza, akapita Shinyanga na Tabora, akaendelea na reli ya kati mpaka Morogoro. Hakukuwa na simu ya kumwuliza kama amefika. Barua ilichukua majuma. Hapa kwetu Shinyanga treni hiyo ilipita ikiwa na wanafunzi madirishani, na wengi wao walikuwa wavulana. Shule za sekondari za wasichana katika Tanganyika yote zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Hata chuo kikuu kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, katika wanafunzi 14 wa kwanza mwanamke alikuwa mmoja tu, Bibi Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Sheria.

Tunapowasimulia akina mama habari hizi, huwa tunasimama hapa kidogo. Tunawakumbusha Hana wa Biblia. Alimlilia Mungu apewe mtoto, na alipompata akampeleka Shilo angali mdogo, akawa anamshonea kanzu kila mwaka na kumpelekea. Hana hakumtupa Samweli. Alimwachia aende, akaendelea kumtunza kwa mbali. Kuna kuacha mtoto na kuna kumwachia mtoto, na mama anayejua tofauti hiyo hawezi kuambiwa kwamba kumpeleka binti bweni ni kumtelekeza.

MWALIMU WA WALIMU

Mwaka 1970 Gertrude alihitimu shahada yenye masomo ya ualimu katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Dar es Salaam. Ulikuwa mwaka wa mwisho wa chuo hicho, maana mwaka huo huo kiligawanyika, na Dar es Salaam, Nairobi na Makerere kila kimoja kikawa chuo kikuu cha pekee.

Alikwenda kufundisha Chuo cha Ualimu cha Chang'ombe, akakaa huko mpaka 1975. Kufundisha walimu ni kazi isiyoonekana. Anayefundisha darasa moja huwajua watoto wake kwa majina. Anayefundisha walimu hupanda mbegu ambazo zitaota katika vijiji asivyovijua. Na miaka ile taifa lilikuwa na njaa ya walimu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka watoto wote wa umri wa shule waingie darasa la kwanza ifikapo 1977. Wengi wetu tuliomaliza shule za vijijini miaka hiyo tulifundishwa na walimu vijana, wengine wakiwa wamehitimu darasa la saba tu kabla ya kupewa mafunzo ya ualimu. Tulikaa chini, tukaandikia magotini, lakini tulisoma. Bila wimbi lile, baadhi yetu tunaoandika makala hii tusingefika chuo cha uuguzi.

Baadaye alifanya kazi katika Taasisi ya Elimu akishughulikia mitaala, yaani yale ambayo mtoto atafundishwa na namna ya kuyafundisha. Pia alikuwa mkaguzi wa shule. Hebu tuiangalie safari hiyo vizuri. Alifundisha walimu, akashughulikia kinachofundishwa, kisha akakagua kama kinafundishwa kweli. Mtu aliyepita ngazi hizo tatu anajua elimu inapovuja. Anajua binti hukosekana darasani siku gani, nani humtuma kuchota maji asubuhi, na kwa nini jina lake huwapo kwenye daftari la mahudhurio mwezi Januari likakosekana mwezi Agosti.

Hayo yote aliyafanya akiwa mke na mama wa watoto wanne. Tunalitaja hilo kwa makusudi, kwa sababu wengi wetu tumeambiwa kwamba mwanamke huchagua kimojawapo, nyumba au kazi. Mwanamke mwema anayesifiwa katika Mithali sura ya 31 hununua shamba, hufanya biashara na husimamia watu wa nyumbani mwake, wala hakuna mahali anapolaumiwa kwa kutoka nje ya ua.

KUTOKA CHANG'OMBE MPAKA BEIJING

Mwaka 1980 aliingia Bungeni, na mwaka 1982 katika Baraza la Mawaziri. Kati ya 1985 na 1987 alikuwa Waziri wa Ardhi, Maliasili na Utalii. Mwaka 1985 wanawake wa dunia walikutana Nairobi kumaliza Muongo wa Wanawake wa Umoja wa Mataifa, mkutano wa tatu baada ya ule wa Mexico wa 1975 na wa Copenhagen wa 1980. Mama Mongella alikuwa mmoja wa makamu wenyeviti wa mkutano huo. Baada ya kuiwakilisha nchi yetu India kama Balozi, aliteuliwa na Umoja wa Mataifa kuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa nne, uliofanyika Beijing, China, tarehe 4 hadi 15 Septemba 1995.

Nchi 189 zilishiriki. Pembeni yake, katika mji mdogo wa Huairou, walikusanyika watu wapatao 30,000 wa vyama na mashirika yasiyo ya serikali, wakatembea katika matope ya mvua kutoka hema hadi hema. Binti aliyevuka ziwa akiwa na miaka 12 alitimiza miaka 50 tarehe 13 Septemba, akiwa katikati ya mkutano huo ambao yeye ndiye aliyeuandaa.

Kazi yenyewe haikuwa ya kupigiwa makofi tu. Mataifa hayakuwa na mawazo mamoja kuhusu ndoa, familia na uzazi. Vatikani na nchi kadhaa ziliandika wazi mambo ambayo hazikubaliani nayo. Wakristo wengi nao walikuwa na wasiwasi, na kila msomaji ana haki ya kuyapima yote na kulishika lililo jema. Lakini mwishowe yalipatikana maeneo 12 ya kufanyiwa kazi: umaskini, elimu, afya, ukatili, vita, uchumi, uongozi, vyombo vya kusimamia maendeleo ya wanawake, haki za binadamu, vyombo vya habari, mazingira na, la kumi na mbili, mtoto wa kike. Hili la mwisho lilitiliwa mkazo sana na wanawake wa Afrika, ambao mwaka mmoja kabla, Novemba 1994, walikutana Dakar, Senegal, kujiandaa.

Mtoto wa kike amewekwa peke yake, mbali na wanawake. Kwa nini? Kwa sababu mtoto si mwanamke mdogo. Mwili wake haujamaliza kujijenga na akili yake bado inakua. Mwuguzi yeyote wa wodi ya wazazi angeweza kuliandika eneo hilo bila kwenda China.

Mama Mongella alipoufunga mkutano alisema kwamba mapinduzi yameanza na hakuna kurudi nyuma. Hapa nyumbani, Tanzania ilichagua maeneo manne ya kuanzia: uwezo wa wanawake kisheria, kuondoa umaskini, uongozi, na elimu pamoja na ajira. Mwaka 1998 ilipitishwa sheria kali ya makosa ya kujamiiana. Mwaka 1999 zikapitishwa Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ambazo zinampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanaume. Mjane anayekataa kufukuzwa shambani leo ana karatasi ya kuonyesha.

NENO BEIJING LILIPOGEUKA KEJELI

Tusifiche. Mitaani kwetu neno Beijing lilifika kabla ya maazimio yake, tena likafika limegeuzwa. Mwanamke akiuliza pesa ya pamba imekwenda wapi, aliambiwa ameanza Beijing. Akichelewa kurudi kikundini, Beijing. Hata katika mikutano ya kanisa ilitosha kulitaja neno hilo ili akina baba wacheke na akina mama wainamishe vichwa. Sisi nasi tulicheka, maana ilikuwa rahisi kucheka kuliko kueleza.

Ilituchukua miaka kutambua kwamba tulikuwa tukichekea haki za binti zetu. Yaliyoandikwa kule hayakumtaka mke amdharau mume. Yalitaka msichana asome, mama asife akijifungua, na mjane asinyang'anywe jembe. Ni baba gani mwema anayeyapinga hayo? Tulipoanza kuwasomea akina baba yale maeneo 12, moja baada ya jingine, kicheko kilipungua. Mzee mmoja wa kanisa alituambia kwamba miaka yote hiyo alidhani Beijing ni jina la chama cha wanawake waliokataa kupika.

Mama Mongella hakubaki ughaibuni. Mwaka 1996 alianzisha shirika la kuwatetea wanawake wa Afrika. Mwaka 2000 watu wa Ukerewe walimchagua kuwa mbunge wao, akawatumikia mpaka 2010. Mwezi Machi 2004 alichaguliwa kuwa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika, akaliongoza mpaka 2009. Yaani mtu aliyeketi kiti cha kwanza cha bunge la bara zima alikuwa akirudi kwa wapiga kura wake kwa njia ile ile ya maji aliyoondokea utotoni.

HUKU KWETU, KATI YA NG'OMBE NA DHAHABU

Sasa turudi nyumbani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Shinyanga wa wakati huo, asilimia 59 ya wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kufikisha miaka 18. Kwa taifa zima ilikuwa kama asilimia 37. Shinyanga iliongoza nchi nzima. Mkoa huo ulikuwa bado haujagawanywa. Mwaka 2012 ndipo mikoa ya Simiyu na Geita ilipoundwa, na sehemu za Shinyanga ya zamani zikaenda huko.

Sababu tunazijua. Kwetu binti huleta ng'ombe, na ng'ombe ndiye benki, ndiye jembe, ndiye mahari ya kaka yake. Mvua ikigoma na pamba ikikosa bei, macho ya nyumba nzima humgeukia msichana. Tusiwaite wazazi hao wakatili. Wengi wanawapenda watoto wao, na wanaamini wanamtafutia binti mahali pa kula.

Upande wa machimbo mtego ni mwingine. Kule Rwamgasa, Nyarugusu na Mgusu binti haozwi kwa sherehe. Anatoka kijijini kwenda kumsaidia mama lishe kuosha vyombo, anapeleka chai kwenye maduara na kwenye makarasha ya kusagia mawe, na mchimbaji aliyepata dhahabu jana anamnunulia simu. Wengine huokota na kuponda mawe, hushika zebaki kwa mikono mitupu, kisha wanakuja kliniki wajawazito bila kujua kwamba sumu hiyo humfikia mtoto aliye tumboni. Dhahabu inatoka, lori linapita, na binti anabaki na mimba ya mtu aliyehamia machimbo mengine.

Tuseme kidogo kama wauguzi. Nyonga ya msichana wa miaka 14 au 15 mara nyingi haijapanuka vya kutosha kupitisha kichwa cha mtoto. Uchungu ukikaa siku mbili, kichwa kinaibana nyama laini kati ya uke na kibofu mpaka inakufa na kutoboka. Hiyo ndiyo fistula. Si laana wala haikusababishwa na uzinzi, na hutibiwa kwa upasuaji. Kwa kanda yetu wagonjwa wengi hupelekwa Bugando, Mwanza. Kifafa cha mimba nacho huwapata sana wasichana wanaobeba mimba ya kwanza wakiwa wadogo. Dalili zake ni kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, na uso na mikono kuvimba. Ukiziona, usingoje asubuhi.

Na sheria? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi. Mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi, alikwenda mahakamani kuipinga. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinavunja Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo. Mwaka huo huo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi akawekewa kifungo cha miaka 30. Tangu Januari 2016 ada ya shule za serikali ilifutwa mpaka kidato cha nne. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba msichana aliyejifungua anaweza kurudi katika shule yake.

Basi milango imefunguliwa mingi. Lakini hakuna hakimu anayeamka saa kumi usiku kijijini kumzuia mwenye ng'ombe. Anayeamka saa kumi ni mama. Hili ndilo tulilojifunza katika maisha ya Gertrude Mongella: kabla ya vyuo, wizara na mikutano ya dunia, palikuwa na nyumba moja kisiwani ambayo binti aliachiwa atoke akiwa na miaka 12. Nyumba hiyo isingemwachia, yote yaliyofuata yasingekuwapo.

TUFANYE NINI?

Hatuna fedha za mashirika makubwa. Haya ndiyo tunayoyafanya kikundini kwetu kwa kujitolea, na kikundi chochote cha akina mama kinaweza kuyafanya.

Kwanza, Januari tunapita nyumba kwa nyumba tukiwa wawili wawili. Tunauliza jambo moja tu: mabinti wa nyumba hii wanasoma darasa la ngapi? Tunaandika kwenye daftari. Mwezi Agosti tunarudi na daftari lile lile. Jina lililokosekana shuleni ndilo tunalolifuatilia kwa mwalimu mkuu na kwa mtendaji wa kijiji.

Pili, tuna kibubu cha taulo na sare. Kila mama huweka kidogo kila Jumapili. Binti asiye na cha kujisitiri wakati wa hedhi hukosa siku nne au tano kila mwezi, na anayekosa hivyo huchoka na kuacha.

Tatu, tunazungumza na baba na mama wakiwa pamoja. Tunaomba nafasi kwa heshima, tunakaa, tunakula michembe tuliyowekewa, ndipo tunaanza. Mama akiambiwa peke yake, jioni anapigiwa kelele yeye.

Nne, hatumwachi aliyekwisha kuzaa. Kama shule ya kawaida imemwia ngumu, kuna madarasa ya MEMKWA kwa waliokosa elimu ya msingi, na kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975, kikiwemo cha Buhangija hapa Shinyanga na cha Sengerema. Kumshikia mtoto mchanga saa tatu ili mama yake asome ni huduma sawa na kupamba madhabahu.

Tano, tukisikia ndoa ya mtoto inaandaliwa tunatoa taarifa mapema kwa ofisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia la polisi, kabla ng'ombe hawajafika. Wakishaingia zizini, kila mtu huona aibu kuwarudisha.

Si mara zote tunafanikiwa. Tumefukuzwa na mbwa. Tumeitwa wavunja nyumba za watu. Mwaka mmoja majina matatu yalikosekana kwenye daftari, na tulimrudisha shule mmoja tu. Hao wawili tunawaombea, na wakija kliniki tunawapokea bila maneno.

Na yule binti wa harusi? Alifanyiwa upasuaji, akapona, akarudi kwa wazazi wake. Mumewe alikwisha kumwacha. Januari moja tulipokuwa tukigawana mitaa ya kupitia, mama yake alifika, akasimama mlangoni na kanga kichwani. Tulidhani amekuja kutulaumu, na haki ya kutulaumu alikuwa nayo, maana sisi ndio tuliopika siku ile. Hakutulaumu. Aliuliza kama daftari lina nafasi ya mtu mmoja zaidi, akaomba apangiwe mtaa wa kwao, kule anakofahamika.

Tulimpa mtaa huo. Akifika mlangoni mwa watu, haanzi na sheria wala na Beijing. Anaanza na binti yake.